Shibiri Tatu za Kikwembe

Watu wa soko la Kadutu, mjini Bukavu, walikuwa na msemo wao: ukimsalimia Maman Constance kwa mkono, subiri kwanza ahesabu vidole vyake, ndipo atakujibu. Walimtania hivyo usoni pake, naye hakukasirika. Alikuwa ameuza maharage miaka kumi na minane mahali pale pale, na kama kuna shule ya kutoamini watu, shule yake ilikuwa hiyo. Aliwajua wachuuzi wanaoteremka na magunia kutoka Bunyakiri, maharage makavu juu, yenye unyevu chini. Aliwajua wanunuzi wanaoonja, wakaonja tena, mpaka mtu akaenda nyumbani na mboga bila kununua.

Na ujanja wake mwenyewe aliujua, tusifichane. Kopo lake la kupimia lilikuwa na kitako kilichogongwa kwa nyundo kikapanda juu kidogo, kiasi cha konzi moja ya maharage. Makopo yote ya mstari ule yalikuwa hivyo, na hakuna aliyemsema mwenzake. Sasa mtu anayekula kwa kopo la namna hiyo, kopo la jirani atalitazama kwa jicho gani?

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Cibalonza, kwa sababu miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikatazwa. Nyumbani, sokoni na kanisani alibaki Constance, na mtu asiyemjua akilitamka jina hilo kwa sauti, yeye aligeuka kwanza aone ni nani anayesikiliza.

Alizaliwa Nyantende, nje kidogo ya mji, na huko ndiko alikomjua Euphrasie. Walilima shamba moja na mama zao, na walipofika miaka kumi na sita wakapelekwa pamoja kwa Masista, kwenye foyer, kufundishwa kushona. Walikaa benchi moja. Masista waliwapa kila mmoja metre ya utepe, wakawaimbisha sentimetre kama katekisimu. Constance alijifunza kupima vizuri sana, lakini mshono wake ulikwenda kama njia ya Nyantende wakati wa mvua. Euphrasie ndiye aliyepewa mkono. Constance akaolewa na Papa Firmin, seremala, akaingia sokoni. Euphrasie akaolewa, akafiwa mapema, akanunua cherehani akaiweka barazani kwake huko Kadutu juu. Miaka yote hiyo alimwita mwenzake "Consta", jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia, hata mume.

Kazi kubwa ya Euphrasie, ile iliyompa jina, haikuwa kushona. Washonaji wako wengi. Kazi yake ilikuwa kukuambia ununue kitambaa kiasi gani. Wanawake waliteseka na jambo hilo: unanunua kidogo, libaya, ile blauzi ya juu, linakosa mkono, unanunua kingi, watu wanakuuliza kama unashonea na kitanda. Euphrasie hakukugusa kwa metre. Alikuambia utembee, akakutazama ukienda, akakutazama ukirudi, akataja hesabu. Ukinunua alivyosema, kitambaa kinaisha pale nguo inapoisha. Walikuwako wanawake walioogopa jicho lile, kwa sababu liliona na yale ambayo mume bado hajaambiwa.

Basi Colette, binti wa Constance, akachumbiwa na kijana wa Nguba, kule chini kando ya ziwa. Constance hakuwaamini watu wa Nguba. Walipanda maua mahali ambapo maharage yangeota, na mtu wa namna hiyo, alisema, ana kitu anachoficha. Lakini kijana alikuwa na adabu na mahari ilifika nzima, kwa hiyo akakubali. Familia ya bibi arusi ikakubaliana kuvaa kitambaa kimoja, kama desturi: wax ya manjano yenye ndege wa kijani, wakubwa, wamesimama wima. Robe na jupe za zamani, magauni na sketi za kizungu, zilikuwa zimekwisha kulala chini ya masanduku tangu serikali iseme mwanamke wa Zaïre avae kikwembe, kitenge cha kufunga kiunoni. Constance mwenyewe, aliyevaa robe za kununuliwa kwa metre tangu usichana, alikuwa na vikwembe viwili vya zamani tu, alivyopewa vikiwa vimekwisha shonwa. Hajawahi kununua kitambaa chake kizima. Hii ilikuwa mara ya kwanza.

Alikwenda kwa Euphrasie na kipande cha mfano.

"Tembea nikuone," Euphrasie akasema, miguu ikiwa bado juu ya kanyagio la cherehani.

"Kwenda fasi gani?"

"Mpaka kwenye muti wa avoka, halafu urudi. Na usivute tumbo, Consta, miye ninakujua."

Constance akaenda, akarudi, bila kuvuta tumbo. Euphrasie akakipindua kile kipande cha mfano, akakitazama mbele na nyuma.

"Demi-pièce moja. Yadi sita."

"Sita nzima? Colette amesema tano zinatosha."

"Colette iko mwembamba. Weye utafunga vikwembe viwili, yadi mbili mbili. Na libaya itakula yadi mbili yake yote. Unataka mikono ya kuvimba, sivyo? Na hizi ndege ziko na kichwa. Siwezi kugeuza moja iangalie chini kama popo ili nipate kipande. Sikufiche: hakutabakia kitu. Hata ya kufunga kidole haitabakia."

Mtu mwingine angesikia hapo ukweli wa fundi. Constance alisikia kitu kingine. Kwa nini mtu akuambie mapema kwamba hakutabaki kitu, kama hajajipangia kitakachobaki kiende wapi? Alirudi nyumbani na neno hilo kichwani, akalala nalo, akaamka nalo.

Demi-pièce aliinunua Nyawera, kwenye duka ambamo Papa Anaclet alikata vitambaa. Mwenye duka alikuwa amebadilika, kama maduka mengi miaka ile yalivyobadili wenyewe, lakini Anaclet alibaki nyuma ya meza ile ile, na kijiti chake cha kupimia kilichovikwa chuma ncha zote mbili. Constance alisimama karibu naye mpaka yule mzee akamwomba nafasi ya kupumua. Akahesabu kijiti kikilazwa na kuinuliwa mara sita. Sita. Hapo aliridhika. Yadi, kwa akili yake, lilikuwa jina jingine la metre, jina la watu wa Uganda, kama vile kitu kimoja kinavyoitwa hivi kwa Kifaransa na hivi kwa Kimashi. Hakumuuliza mtu. Mtu akiuliza anaonekana hajui, na sokoni asiyejua ndiye anayeliwa.

Siku tano baadaye Euphrasie akamletea nguo mwenyewe, zimepigwa pasi. Libaya lilimkaa Constance kama alizaliwa nalo. Ndege wa mbele walikutana na ndege wa ubavuni bila hata mmoja kukatwa shingo. Papa Firmin aliinua kichwa kutoka kwenye sahani yake akasema, "Euphrasie iko na mukono kweli." Hilo nalo Constance akaliweka akiba. Mwanaume anayeusifu mshono wa mwanamke mwingine, naye ni wa kutazamwa.

Mchana wa kesho yake, mumewe akiwa karakana, alichukua metre yake ya kukunja, ile ya mbao ya manjano, akatandaza kikwembe cha kwanza kitandani. Akapima. Akafikiri amekosea, akapima tena kuanzia upande wa pili. Pamoja na pindo, metre moja na sentimetre themanini na tatu. Akatandaza cha pili: vile vile. Wakati yadi mbili ni metre mbili! Kila kikwembe kimepungua shibiri moja, shibiri fupi, kama mtu amepima kwa mkono wa mtoto. Libaya hakuweza kulilaza lipimike, lakini mwizi aliyekata shibiri mbili haachi ya tatu. Shibiri tatu. Nusu metre na kidogo.

Alikaa kitandani juu ya ndege zake, na nitawaambia alichosikia moyoni, kwa sababu wengi walimdhania mwanamke wa mawe. Alisikia uchungu. Kama ni mshonaji yeyote wa Kadutu angekwenda kupiga kelele barazani kwake, akarudi amepoa. Lakini huyu alilala naye mkeka mmoja Nyantende. Huyu alimpokea Colette mikononi siku alipozaliwa. Sasa amwambie nini? Na akimwambia, si atakana? Akaamua kunyamaza na kuangalia. Mtu anayeangalia, alisema, ataona.

Na aliona. Siku ya arusi, wakati mama wakubwa na mashangazi wamekwisha kaa upande wa bibi arusi, wote wamevaa wax ya ndege, Euphrasie aliingia. Kikwembe chake kilikuwa kile cha kahawia cha siku zote, kilichokwisha kupauka. Lakini kichwani amefunga kitambaa cha manjano chenye ndege wa kijani. Alikuja akakaa katikati ya mashangazi bila kuulizwa, akapiga vigelegele kuwashinda wote, akacheza mpaka viatu akavishika mkononi. Constance hakula siku hiyo. Alikitazama kile kitambaa kikiinuka na kushuka kati ya watu, akakipima kwa macho: nusu metre na kidogo.

Akamvuta binti yake kando. "Kitambaa ya kichwa, Euphrasie ameipata wapi?"

Colette akashangaa. "Si weye ulimupa, maman?"

"Miye?"

"Nilifikiri ni weye."

Constance alirudi mahali pake akaketi, na kuanzia saa ile hakuwa na shaka hata kidogo.

Hakusema kwamba Euphrasie ni mwizi. Hilo nimtetee. Alikuwa Mkristo na aliogopa kuungama dhambi ya kusingizia. Alichosema, akipima maharage, bila hata kuinua macho, kilikuwa hiki: "Miye sisemi kitu. Lakini kama uko na kitambaa, ukipime mbele ya kukipeleka, na ukipime tena kikirudi." Ukimuuliza kitambaa gani, kwa mshonaji gani, alikuambia, "Nimesema tu." Basi. Na hayo yanatosha kabisa. Alimwambia Marie-Louise, aliyeuza mawese upande wake wa kulia na aliyewaongoza bamama wa parokia. Marie-Louise alikuwa karibu kumpa Euphrasie sare za bamama arobaini kwa sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti. Alipiga mluzi mdogo wa meno, akafunika pipa lake, na sare zikaenda kwa mwingine.

Wanawake wakaanza kufika kwa Euphrasie na metre mfukoni. Walikaa barazani wakimwangalia akikata, kutoka mkasi wa kwanza mpaka wa mwisho, wakaomba na nyuzi. Wengine walipima nyumbani, na kila aliyepima alikuta kitambaa kimepungua, kwa sababu wote walinunua kwa yadi na kupima kwa metre ya Masista. Hebu ona mambo. Kila mmoja alipata ushahidi wake mwenyewe nyumbani kwake, na hakuna aliyemuuliza mshonaji, kwa maana mwizi hujibu nini? Mwezi wa saba cherehani ilikuwa inakaa siku mbili tatu bila kufunuliwa.

Siku moja Euphrasie alishuka sokoni. Alisimama mbele ya mafungu ya Constance, kikapu mkononi.

"Consta. Nimekukosea wapi?"

"Hakuna kitu."

"Mwezi mbili haupande kwangu. Colette alipita, weye hapana. Kama kuna neno, uniambie, tulimalize."

"Nimesema hakuna kitu. Unataka makopo ngapi?"

Euphrasie alimtazama kwa jicho lile lile la kutazama watu wakitembea. Halafu akasema mawili. Constance akachota, akasawazisha juu kwa kiganja, akamwaga kikapuni, akachota tena. Euphrasie hakuliangalia kopo. Alilipa, akapandisha mlima. Marie-Louise, aliyesikia yote, alisema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako," na Constance akatikisa kichwa kukubali, akidhani methali inamhusu yule aliyeondoka.

Mwaka ukapita. Colette akajifungua mvulana kule Nguba, na ubatizo ukapangwa. Bibi lazima avae kitu. Safari hii Constance alijiandaa. Alimpata mshonaji mwingine, Papa Aloys, mwanaume mwenye ndevu ambaye pia hakumwamini, akasema: huyu sitamngoja aniibie ndipo nipime. Nitapima kitambaa kikiwa bado na harufu ya duka. Akanunua demi-pièce kwa Anaclet, kijiti mara sita, akaikimbiza nyumbani, akafungua metre ya manjano.

Tano na arobaini na nane.

Aliipima mara tatu. Hakuna mkasi uliokuwa umekigusa kitambaa kile. Mtu mwingine hapo angeshtuka. Constance alifurahi. Ndiyo, alifurahi, maana alikuwa amemkamata mwizi mpya: Anaclet! Alikunja kitambaa, akachukua metre, akashuka Nyawera kwa hatua za askari.

Dukani kulikuwa na wateja wawili. Akaona vyema, wasikie. Akatupa kitambaa mezani. "Papa, nilikulipa yadi sita. Hapa iko tano na nusu, hata nusu haifike."

Papa Anaclet alivaa miwani yake. Hakuonekana mtu aliyekamatwa. "Umepima na nini, maman?"

"Na metre ya bwana yangu. Seremala."

"Fungua hiyo metre yako, uilaze hapa."

Akailaza. Mzee akalaza kijiti chake kando yake, akasukuma ncha zilingane. Kijiti kikaishia kwenye tisini na moja na nusu, kasoro kidogo.

"Kijiti yako mulikata," Constance akasema.

Anaclet hakubishana. Alitoka, akaenda duka la jirani, akarudi na kijiti chao. Tisini na moja. Akatoka tena upande wa pili, akarudi na cha tatu, cha chuma kitupu, kilichoandikwa na kiwanda. Constance alikipokea kwa mikono yake mwenyewe, akakilaza mwenyewe, akapiga magoti mpaka jicho lake likawa sawa na meza. Tisini na moja.

"Hii ni yadi," Anaclet akasema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto Salamu Maria. "Haiko metre. Ni Waingereza njo walitengeneza yadi, na waliitengeneza fupi. Kila yadi inakosa sentimetre nane na kitu. Kwenye sita unakosa nusu metre. Hakuna mutu anakuiba, maman. Njo vile iko."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Wateja wawili walicheka, si kwa ubaya. Constance hakuwasikia. Alikuwa anahesabu. Nane na kitu, mara mbili, shibiri fupi. Mara sita, shibiri tatu. Akaikunja metre yake, lakini bado akajitafutia mlango wa kutokea: sawa, yadi ni fupi. Lakini kile kitambaa cha kichwa? Kile hakikutoka kwa Waingereza.

Na Anaclet, bila kuulizwa, akiviringisha ile demi-pièce amrudishie, akaendelea na maneno yake ya kizee. "Hata ile rafiki yako, maman mushonaji wa Kadutu, mwaka jana alinisumbua juu ya ndege zenu za arusi. Anataka yadi moja peke yake. Nikamwambia, siwezi kukata pièce kwa yadi moja, nitabakia na kipande ya kuharibika. Alikaa hapa, pale umesimama, mpaka nikachoka. Akaniambia: papa, mutoto ya dada yangu anaolewa, miye niingie bila hata ndege moja kichwani, batasema niko mutu wa inje? Nikakata. Alitaka hata demi-pièce, lakini hakuweza kulipa." Akainua macho. "Mi nilifikiri unajua."

Constance akaketi juu ya robota la kitambaa lililokuwa karibu, akakaa hapo mpaka wateja wale wawili walipolipa na kuondoka. Kitu kilichomuuma kuliko vyote hakikuwa kusema uongo. Ilikuwa kwamba mashangazi wote, hata wale wa mbali walioletwa na gari ya mizigo, alikuwa amewahesabu mmoja mmoja siku ya kuchagua ndege, na Euphrasie hakumhesabu.

Alikwenda kwanza kwa Marie-Louise. Alisema yote mbele ya mapipa ya mawese, kwa sauti, watu wa mstari wasikie: yadi haiko metre, Euphrasie hakuiba, miye ndiye niliyekosea. Ilimgharimu kusema hivyo kuliko kitu chochote alichowahi kutoa sokoni. Marie-Louise alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini sare zilikwisha shonwa, Constance. Na sikukuu ilipita."

"Ninajua."

"Miye sikuwa nasadiki, unaona. Nilisema, Euphrasie? Hapana. Lakini nikasema tena, Constance ni rafiki yake tangu bado watoto. Rafiki hawezi kumuzushia."

Hapa Bukavu tunakaa milimani, na neno baya huteremka lenyewe. La kulirudisha juu unalibeba mgongoni, nyumba kwa nyumba. Constance alilibeba siku tatu. Wengine walimwelewa. Wengine walimtazama kwa shaka: kwa nini leo anamtetea? Amelipwa nini? Aliyaona macho hayo, akayajua, kwa maana yalikuwa macho yake mwenyewe.

Siku ya nne akapanda kwa Euphrasie, ile demi-pièce mpya kwapani. Cherehani ilikuwa wazi na Euphrasie alikuwa anashona kaptula ya mwanafunzi. Amekonda. Juu ya meza kulikuwa na daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Asinge," Constance akasalimia, kwa Kimashi cha nyumbani kwao.

Euphrasie akaitikia, akamwonyesha kiti, akamaliza mshono wake kwanza. Constance alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Yadi haiko metre."

"Ninajua."

"Ulijua nilikuwa nasema nini juu yako?"

"Kila mutu alijua."

"Juu ya nini hukuniambia? Ungenionyesha tu kijiti."

Euphrasie akakata uzi kwa meno. "Nilishuka mpaka kwenye soko. Nikakuuliza. Ulisema hakuna kitu."

Hapo Constance alilia. Alilia vibaya, kamasi na yote, kama mtu asiyezoea, akasema unisamehe, nimekuchafua, nilikusahau kwenye arusi na ukajikumbusha mwenyewe, na miye nikaita hiyo wizi. Euphrasie alimwachia alie. Alimletea maji kwenye kikombe. Akasema, "Nimekusamehe. Nilisamehe tangu zamani, sikutaka kubaki na hiyo kitu ndani ya tumbo." Na alisema kweli, kwa sababu sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Constance akapangusa uso, akahisi mzigo umeshuka. Akaweka kitambaa mezani. Kilikuwa cha ubatizo wa mjukuu, akasema, na hakumpa Aloys. Akasimama mwenyewe, tayari kwenda na kurudi ili atazamwe.

"Kaa tu, maman," Euphrasie akasema.

Constance akamgeukia. "Unaniita maman?"

Euphrasie alikuwa amekwisha fungua daftari. Akachora mstari, akaandika tarehe, akaandika Cibalonza, jina la kwenye karatasi. Kisha akatoa metre ya utepe mfukoni, akaitia mkononi mwa Constance, akashika kitambaa mwenyewe, akikikunja yadi kwa yadi.

"Sasa njo ninafanya hivi kwa bateja bote. Sikadirie tena. Weye unapima, unasoma kwa sauti, miye ninaandika, halafu unatia saini. Ikirudi, tunapima tena pamoja."

"Kwangu hapana. Euphrasie, kwangu hakuna haja."

"Ni kwa wote, maman. Ni muzuri kwako na kwangu."

Constance akainama juu ya meza. Maisha yake yote alikuwa ametaka watu wampimie hivyo, mbele ya macho yake, kwa maandishi. "Tisini na moja," akasoma.

"Yadi moja," Euphrasie akasema, akaandika.

"Tisini na moja."

"Mbili."

Ya tatu hakuweza kuisoma. Namba ziliyeyuka mbele yake. Alingoja asikie mwenzake akiweka kalamu chini, akisema basi, Consta, inatosha.

Euphrasie alingoja naye, kalamu mkononi, kwa uvumilivu wote wa kazi yake.

"Endelea, maman," akasema. "Tumebakiza yadi inne."